Dhoruba za theluji za Ziwa Erie na watu wa Buffalo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Novemba zinapoanza kusambaa picha za nyumba zilizofukiwa hadi madirishani katika eneo la magharibi mwa jimbo la New York, ndugu walioko Kigoma, Bukavu, Nairobi au Bujumbura huwapigia simu walioko Buffalo, jiji lililo kando ya Ziwa Erie, na kuuliza maswali yaleyale. Majibu yafuatayo yamekusudiwa wanaouliza kutoka mbali, na pia wale waliofika huko karibuni na bado hawajaonja majira ya baridi ya ziwani.

Dhoruba hii ina tofauti gani na dhoruba nyingine za theluji?

Dhoruba ya kawaida ya theluji huletwa na mfumo mkubwa wa hewa unaosafiri mamia ya kilomita na kugusa majimbo kadhaa kwa mpigo. Dhoruba ya theluji ya ziwa huzaliwa papo hapo juu ya maji, na humwaga mzigo wake karibu na ufuko ule ambako upepo unaelekea. Mara nyingi mkanda wa theluji haufiki hata kilomita 30 kwa upana, lakini mahali unapotua, theluji inaweza kurundikana kwa kasi ya sentimita 5 hadi 10 kwa saa, usiku kucha bila kupumzika.

Inatokeaje?

Chanzo chake ni tofauti ya joto. Mwezi wa Novemba maji ya Ziwa Erie bado yana akiba ya joto la kiangazi, ilhali hewa inayoteremka kutoka Kanada imekwisha kuwa baridi kali. Hewa hiyo inapopita juu ya ziwa, tabaka lake la chini hupata joto na mvuke. Likishapata joto huwa jepesi, hupanda, hupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa mawingu na hatimaye theluji. Watabiri wa hali ya hewa wana kipimo ambacho ni rahisi kukumbuka: joto la uso wa maji likilizidi lile la hewa iliyo takriban mita 1,500 juu kwa nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi, mazingira ya dhoruba yamekamilika. Tofauti hiyo ikiwa kubwa zaidi, mawingu hupanda kwa nguvu kiasi cha kupiga radi, na wakazi husikia ngurumo katikati ya theluji inayoanguka, jambo linalomshangaza hata mtu aliyezaliwa huko.

Joto peke yake halitoshi. Upepo unapaswa kuvuma kwa mwelekeo uleule kuanzia usoni mwa maji hadi juu angani, kwa maana ukibadilika njiani mkanda husambaratika na kuwa vipande dhaifu. Tena hewa ikisafiri umbali mrefu juu ya maji, hubeba mvuke mwingi zaidi. Mwishowe, inapofika nchi kavu hukutana na msuguano wa ardhi, na kusini mwa Buffalo hukutana pia na vilima, ikalazimika kupanda tena na kudondosha kile ilichobaki nacho.

Kwa nini jina linalotajwa kila mara ni Buffalo?

Tazama ramani. Ziwa Erie lina urefu wa takriban kilomita 388 na limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha yake ya mashariki kabisa. Upepo wa kusini-magharibi hupita juu ya urefu wote wa ziwa kabla ya kulifikia jiji. Hata hivyo, si Buffalo pekee inayoumia. Jiji la Erie katika jimbo la Pennsylvania lilipata takriban sentimita 86 kwa siku moja tu, sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2017. Nyanda za juu za Tug Hill, mashariki ya ziwa jirani la Ontario, hupata theluji nyingi kuliko Buffalo karibu kila mwaka, ila wakazi wake ni wachache na kamera za televisheni hazifiki huko mara kwa mara.

Inawezekanaje mtaa mmoja ufukiwe na mwingine ubaki na jua?

Hili ndilo jambo ambalo asiyelishuhudia hupata taabu kuliamini. Mkanda wa theluji una kingo zilizo wazi, kiasi kwamba mtu aliye upande mkavu huuona kama ukuta mweupe uliosimama kutoka ardhini hadi mawinguni. Kati ya tarehe 17 na 21 Novemba 2014, mkanda mmoja ulikwama juu ya vitongoji vya kusini na mashariki mwa Buffalo, vikiwemo West Seneca, Lancaster na Hamburg. Sehemu kadhaa zilipata zaidi ya mita moja na nusu katika wimbi la kwanza, na katika kijiji cha Cowlesville jumla ya mawimbi mawili ilifika kama sentimita 224. Wakati huohuo, vitongoji vya kaskazini, mwendo mfupi tu wa gari, vilikuwa na sentimita chache ambazo mtu angeziondoa kwa ufagio.

Matokeo yake kwa maisha ya kila siku ni ya ajabu. Mwajiri aliye upande mkavu haelewi kwa nini mfanyakazi wake hakufika, na mfanyakazi naye hawezi hata kufungua mlango, kwa kuwa mlango wa nje hufunguka kuelekea upande wa theluji. Madereva walioanza safari barabara ikiwa safi waliingia ndani ya ukuta ule ghafla. Magari zaidi ya 100 yalikwama kwenye barabara kuu ya kulipia inayokatiza jimbo la New York, likiwemo basi la timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Niagara, ambayo ilikaa humo kwa zaidi ya siku nzima. Watu wasiopungua 13 walipoteza maisha katika dhoruba hiyo. Halafu joto likapanda, mvua ikanyesha juu ya theluji, mapaa yaliyokuwa yamelemewa yakazidi kulemewa, na hofu ikahamia kwenye mafuriko.

Miaka minane baadaye, Novemba 2022, hali ilijirudia karibu mahali palepale: Hamburg na Orchard Park zilipata zaidi ya mita 2. Uwanja wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, uko Orchard Park, na mechi yao ilihamishiwa jiji la Detroit, kama ilivyofanyika mwaka 2014.

Ziwa likiganda, hatari inakwisha?

Chanzo cha theluji mpya hupungua sana, kwa sababu barafu huziba njia ya mvuke. Ziwa Erie ni la kina kifupi, wastani wa mita 19 hivi, ndiyo maana katika miaka ya baridi kali huganda mapema kuliko Ziwa Ontario, ambalo kina chake ni kikubwa mara kadhaa na ni nadra kuganda lote.

Lakini barafu nayo ina mtego wake. Ziwa Erie liliganda Desemba 1976, na theluji kavu ikajikusanya juu ya barafu kwa wiki kadhaa. Tarehe 28 Januari 1977 upepo mkali uliisomba theluji hiyo yote na kuitupa juu ya Buffalo. Theluji mpya iliyodondoka kutoka mawinguni haikuwa nyingi. Iliyofukia magari na kuua watu zaidi ya 20 ilikuwa imeshaanguka siku nyingi kabla, ikingoja upepo.

Vipimo vya theluji hupatikanaje, na mbona takwimu hutofautiana?

Mpimaji huweka ubao uliopakwa rangi nyeupe mahali pasipovurugwa na upepo, hupima kina kwa rula, kisha huufuta na kuuweka tena juu. Kanuni inamruhusu kuufuta mara nne tu kwa siku, kila baada ya saa sita, kwa kuwa theluji hujishindilia kwa uzito wake yenyewe, na anayepima mara nyingi mno hupata jumla iliyotiwa chumvi bila kukusudia. Januari 1997, katika mji wa Montague kwenye nyanda za Tug Hill, ziliripotiwa inchi 77, yaani karibu sentimita 196, ndani ya saa 24. Ingekuwa rekodi ya taifa, lakini kamati ya wataalamu ilikataa kuithibitisha kwa sababu vipimo vilichukuliwa mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa.

Nini hasa kilitokea Krismasi ya mwaka 2022?

Dhoruba ya tarehe 23 hadi 26 Desemba 2022 haikuwa ya ziwa peke yake. Kimbunga kikubwa cha majira ya baridi kilichovuka Marekani kilileta upepo uliozidi kilomita 110 kwa saa na kushusha joto kwa ghafla, na juu ya hayo ziwa, ambalo halikuwa limeganda, likaongeza theluji yake. Katika uwanja wa ndege wa Buffalo zilipimwa karibu sentimita 132. Kilichoua zaidi kilikuwa kutoona. Kwa takriban saa 37 mfululizo mtu aliyesimama mlangoni hakuweza kuona nyumba ya jirani, na baridi ilikuwa ya kugandisha ngozi isiyofunikwa ndani ya dakika chache.

Huduma zote zilisimama. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama, na hata yale yaliyotumwa kuyaokoa yakakwama pia. Vituo vidogo vya kupozea umeme viliganda, maelfu ya nyumba zikakaa bila umeme, na mashine nyingi za kupasha nyumba joto zinahitaji umeme ili feni yake izunguke hata kama zinatumia gesi. Waliofariki katika Kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo, walizidi 40. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine barabarani, wengine ndani ya nyumba zilizopoa, na wengine waliugua wakati ambapo hakuna gari la wagonjwa lililoweza kuwafikia.

Lawama kubwa iliangukia amri ya kutoendesha magari. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ilikuwa imeonya siku kadhaa kabla kwamba dhoruba ya namna hiyo huja mara moja katika kizazi, lakini marufuku ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi ya siku ya dhoruba yenyewe, watu wengi wakiwa wameshatoka kwenda kazini au kununua mahitaji ya sikukuu. Ripoti ya Chuo Kikuu cha New York, iliyotolewa mwaka 2023 kwa ombi la jiji, iliitaja kasoro hiyo. Ni vigumu kuona namna ya kuitetea: mfanyakazi wa kulipwa kwa saa haachi zamu yake kwa sababu ya utabiri, huiacha kwa sababu ya amri inayomlazimisha mwajiri kufunga.

Wala maumivu hayakugawanyika sawa. Katika jiji la Buffalo waliofariki wengi walikuwa Waamerika weusi, na upande wa mashariki wa jiji, ambako maduka makubwa ya vyakula ni machache na familia nyingi hazina gari, ndiko mitaa ilikosubiri kwa muda mrefu kusafishwa. Kulikuwa pia na wema ambao haukupangwa na serikali yoyote. Katika kitongoji cha Cheektowaga mwanamume mmoja aliyekwama na gari lake alivunja dirisha la shule, akaingiza watu zaidi ya 20 waliokuwa wakiganda kwenye magari, akaacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha na kwa chakula walichokula. Polisi walimtafuta baadaye ili wamshukuru.

Je, jamii za wanaozungumza Kiswahili ziliguswa?

Ndiyo. Buffalo imepokea kwa miaka mingi wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na Kiswahili husikika madukani na makanisani katika upande wa magharibi wa jiji. Miongoni mwa waliofariki Desemba 2022 alikuwemo kijana mkimbizi kutoka Kongo, aliyetoka nje dhoruba ikiendelea na hakurudi. Mtu aliyekulia penye mvua kubwa huzoea kusubiri kidogo kisha kutoka, akijua kwamba hata mvua ya gharika hukatika. Mwenye mazoea hayo ndiye anayedanganywa na utulivu wa muda mfupi kati ya mawimbi mawili ya theluji.

Umeme ukikatika, naweza kuwasha jiko la mkaa ndani?

Hapana, hata kwa dakika chache na hata ukiacha dirisha wazi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na nyumba za huko zimezibwa barabara ili joto lisitoke, kwa hiyo gesi nayo haina pa kupitia. Jenereta inayowashwa gereji, au oveni ya gesi inayoachwa wazi ili ipashe chumba, huua kwa njia hiyohiyo. Badala yake, kusanyeni familia nzima katika chumba kimoja, zibeni upenyo wa mlango kwa mablanketi, na mvae nguo tabaka juu ya tabaka. Angalieni pia bomba la kutolea moshi la mashine ya joto, ambalo katika nyumba nyingi hutokeza ukutani karibu na ardhi. Theluji ikilifunika, mashine hujizima au hurudisha hewa chafu ndani. Kisanduku cha kugundua kaboni monoksaidi kinachotumia betri ni cha lazima katika kila nyumba.

Nikikwama ndani ya gari nifanye nini?

Baki garini. Anayetoka kutafuta msaada katika theluji inayomzuia kuona mbele hupotea akiwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na waokoaji huliona gari kwa urahisi kuliko mtu aliyelala. Washa injini kwa dakika kama kumi katika kila saa, lakini kila mara kabla ya kuiwasha hakikisha ekzosi haijafukiwa, kwa sababu ikizibwa moshi hurudi ndani. Fungua kioo kidogo upande usiopigwa na upepo. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye antena au mlango, sogeza miguu na mikono, usilale usingizi mzito. Kuanzia Novemba hadi Aprili gari lisikose blanketi, beleshi, tochi, maji, chakula kikavu na chaja ya simu, na tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu.

Kwa nini watu hufa wakiondoa theluji mlangoni kwao?

Ni kazi nzito inayofanywa na moyo uliobanwa na baridi, na mara nyingi mfanyaji ni mtu ambaye hajafanya kazi ya nguvu kwa miezi. Katika dhoruba ya Novemba 2022 vifo viwili vya kwanza kutangazwa vilikuwa vya mshtuko wa moyo wakati wa kuondoa theluji. Ondoeni kidogo kidogo kila baada ya saa chache, sukumeni badala ya kuinua, na mzee wa nyumba abaki ndani hata akikasirika.

Watabiri wanapotoa tahadhari, zinatofautianaje?

Ipo tahadhari ya awali, inayosema dhoruba inawezekana ndani ya siku moja au mbili; huo ndio wakati wa kununua chakula na dawa. Likitoka onyo kamili, dhoruba imefika au inakaribia sana, na wakati wa kwenda dukani umekwisha.

Theluji yote hiyo hupelekwa wapi?

Matingatinga huipakia kwenye malori na kuimwaga katika viwanja vya wazi. Baada ya dhoruba ya 2014, theluji ya Buffalo ilirundikwa karibu na kituo cha zamani cha reli cha Central Terminal. Vumbi na taka zikaifunika, majani yakaota juu yake, na mwezi wa Julai 2015, watu wakiwa na mashati mepesi, barafu ilikuwa bado imo ndani ya kilima hicho.

Kuna faida yoyote?

Ipo, na si ndogo. Joto lilelile la ziwa linalozalisha theluji huchelewesha baridi ya kwanza ya mwaka ufukoni, na ubaridi wake wa masika huzuia mimea kuchipua mapema mno, ndiyo maana ukanda wa kusini mwa Ziwa Erie umejaa mashamba ya zabibu aina ya Concord. Huko Tug Hill, wenye hoteli ndogo na vituo vya mafuta huishi kwa wageni wanaokuja kuendesha pikipiki za theluji.

Mabadiliko ya tabianchi yatapunguza dhoruba hizi?

Wengi hudhani dunia ikipata joto theluji lazima ipungue. Kwa theluji ya ziwa, jibu hutegemea muda unaouangalia. Ziwa lenye joto zaidi na barafu kidogo hubaki wazi muda mrefu, hivyo hewa baridi ikishuka hukuta mvuke tele. Baadaye, joto likiendelea kupanda, sehemu ya theluji hiyo itageuka mvua, kwanza mwanzoni na mwishoni mwa msimu. Mwelekeo haufuati mstari ulionyooka: barafu ya Maziwa Makuu ya Amerika ilifunika zaidi ya asilimia 90 ya maji yote kwa kilele chake mwaka 2014, lakini katika majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 haikufika hata asilimia 20. Kwa mpangaji wa bajeti ya jiji, kuyumba huko ndiko kunakosumbua zaidi, maana hajui anunue magreda mangapi.

Kuna mahali pengine duniani penye theluji ya namna hii, na je, Ziwa Victoria linaweza kuileta?

Pwani ya magharibi ya Japani hupata theluji nyingi mno kwa njia hiyohiyo, upepo wa Siberia unapovuka Bahari ya Japani, na Istanbul hufunikwa mara kwa mara na theluji inayotokana na Bahari Nyeusi. Ziwa Victoria liko kwenye ikweta na hewa juu yake haipoi kiasi cha kuleta theluji kando yake. Kanuni yenyewe, hata hivyo, inafanya kazi pale kila siku: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, pepo hafifu hutoka kandokando na kukutana katikati ya ziwa lenye joto, hewa hupanda, na ngurumo zinazowakuta wavuvi alfajiri hutokana na hapo.